Wakili wa Ndovu, na Wako Pia

Mkulima wa skimu akisikia neno wakili, mara moja hukumbuka mambo matatu: mpaka, deni la shamba, na hati ya kumiliki. Wakili ni mtu wa mjini, na siku ukimwona amesimama kwenye shamba lako na karatasi mkononi, basi ujue kuna taabu. Lakini mwezi huu twataka kukueleza habari za mawakili wa namna nyingine. Wateja wao hawajui kusema. Ni msitu, ni mto, ni kinamasi, ni ndovu na nyumbu na kasa wa baharini. Wateja hawa hawaji ofisini, hawaweki kidole kwenye karatasi, wala hawalipi hata senti moja.

Usicheke. Kazi ya mawakili hawa yakuhusu wewe kuliko unavyodhani, maana skimu nyingi zilikatwa ubavuni mwa nchi ya wanyama. Mtu wa Nyandarua anaamka asubuhi na kuiona milima ya Aberdare, na anajua maisha yalivyokuwa kabla ya ule ua wa umeme, wa karibu kilometa 400, kumalizika mwaka wa 2009. Mtu wa skimu ya Shimba Hills huko Kwale anajua sauti ya ndovu usiku kuliko anavyojua sauti ya redio. Mtu wa Mpeketoni ana kiboko ziwani na nyani kwenye mahindi. Kwa hiyo twajua neno ulilo nalo mdomoni: "Huyu ni wakili wa ndovu. Na mimi niliyelala njaa kwa sababu ya ndovu, wakili wangu ni nani?" Swali hilo ni la haki. Tutalijibu, lakini kwanza tuone kazi hii ilianzaje katika nchi yetu.

Katika mwaka wa 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Bustani ile ni mali ya watu wote. Maskini na tajiri hupumzika pale chini ya miti bila kuulizwa na mtu. Marehemu Profesa Wangari Maathai, yule mama wa miti aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, akaenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi uzuiwe. Mahakama haikufika hata kwenye habari ya miti. Ilimwuliza jambo moja tu: Wewe umeumia nini? Bustani si shamba lako, jumba halitakuangukia wewe. Ikasema kwamba mwenye haki ya kushtaki kwa ajili ya watu wote ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi ikatupwa.

Fikiri jambo hilo kwa mfano wa skimu yako. Mtu anamwaga sumu mtoni, mbali juu ya shamba lako. Samaki wanakufa, mamba wanakufa, lakini ng'ombe wako bado hajafa. Wewe ukienda mahakamani siku zile ungeambiwa urudi nyumbani ungoje ng'ombe afe kwanza. Ndivyo mlango ulivyokuwa umefungwa. (Jumba lile halikujengwa hata hivyo. Kelele zilikuwa nyingi, fedha za nje zikakosekana, na mama yule akaja kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004.)

Mlango ulianza kufunguliwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 1999. Kisha ikaja Katiba ya mwaka wa 2010, na hapo ukafunguliwa wazi kabisa. Kifungu cha 42 chasema kila mtu ana haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 chasema kwamba mtu akiona haki hiyo inavunjwa, au inaelekea kuvunjwa, aweza kwenda mahakamani, na hana haja ya kuonyesha kwamba yeye au mtu mwingine amepata hasara. Soma tena maneno hayo "inaelekea kuvunjwa". Maana yake huna haja ya kungoja mto ufe. Mwaka wa 2011 ikatungwa sheria ya kuweka Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo majaji wake husikiliza kesi za namna hiyo pamoja na zile za mipaka na hati unazozijua.

Pamoja na mahakama hiyo kuna Jopo la Taifa la Mazingira. Hili ni baraza la kusikiliza rufani za mtu asiyeridhika na vibali vinavyotolewa na NEMA, yaani mamlaka ya Serikali inayosimamia mazingira. Mkulima aweza kusimama mbele ya Jopo yeye mwenyewe bila wakili, sheria inamruhusu. Lakini asikawie. Sheria ya mazingira imeweka siku 60 za kukata rufani, na watu wengi wenye maneno ya haki wameshindwa kwa kuwa walifika siku ya 61 au ya 90. Mawakili wa mazingira watakuambia kwamba jambo la kwanza wanalouliza mtu akiingia ofisini ni tarehe, kabla hawajauliza hata jina la mto.

Sasa, wakili huyu hufanya kazi gani siku kwa siku? Watu hudhani anasimama mahakamani na kupiga maneno. Hayo ni sehemu ndogo. Siku nyingi yumo katika makaratasi. Mtu akitaka kujenga kiwanda, bwawa, barabara au shamba kubwa la kumwagilia maji, sheria yamtaka kwanza afanye uchunguzi wa madhara yatakayoipata nchi, aandike ripoti, na wananchi waisome na kusema neno lao. Ripoti nyingine zina kurasa mia kadhaa. Wakili huzisoma zote, na akikuta mahali pameandikwa kwamba "wenyeji walikubali," huuliza: wenyeji gani? Siku gani? Mkutano ulifanyika wapi, na orodha ya waliohudhuria iko wapi? Kisha hupanda gari akaenda kuwauliza wenyeji wenyewe. Mara nyingi kesi hushindwa au kushindikana hapo, chini ya mti, kabla ya jaji yeyote kuvaa joho lake.

Kesi ya makaa ya mawe ya Lamu ni mfano mzuri, nasi tutaieleza kwa kirefu kidogo, maana wakulima walikuwa ndani yake. Kampuni moja ilitaka kujenga kituo cha umeme cha megawati 1,050 mahali paitwapo Kwasasi, katika ekari 975, mbele ya maji ya ghuba ya Manda. Makaa yangechomwa pale kila siku. Mahali penyewe palikuwa na mashamba ya watu, mikoko na njia za wavuvi. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mikoko ndiyo nyumba ya watoto wa samaki na kamba. Mji wa kale wa Lamu nao uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001.

NEMA ilitoa kibali Septemba 2016. Watu wa Lamu waliojiunga pamoja kwa jina la Save Lamu wakakata rufani kwa Jopo mwezi wa Novemba, ndani ya zile siku 60. Ungetazamia wakili wao asimame aseme habari za uzuri wa bahari. Hakuanzia hapo. Alianzia kwenye mikutano. Kanuni za mwaka wa 2003 zilitaka mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu na watu watakaoguswa, awaeleze mradi na madhara yake, na apokee maoni yao. Mikutano ilikuwako, watu walikusanyika. Lakini ilifanyika kabla ya uchunguzi kukamilika. Watu waliambiwa kwamba kitu kinakuja. Hawakurudiwa baadaye kuambiwa kitu hicho kitafanya nini kwa hewa yao, maji yao na samaki wao, wala majivu yake yatatupwa wapi.

Mkulima anaielewa habari hii upesi. Ni kama mtu anayekuja kununua ng'ombe wako, mnaongea juu ya hali ya hewa, mnakunywa chai, anaondoka, kisha baada ya mwezi anakuja na lori na kusema, "Si tulizungumza?" Tarehe 26 Juni 2019 Jopo lilitoa uamuzi wake. Lilisema wananchi hawakushirikishwa kama sheria itakavyo, na kwamba hata habari ya kubadilika kwa hali ya hewa haikuangaliwa ilivyopasa. Kibali kikafutwa, na kampuni ikaambiwa kwamba ikitaka kuendelea ianze uchunguzi upya. Kampuni ilikata rufani, na mwaka wa 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaikataa rufani hiyo. Hesabu miaka: 2016 mpaka 2025. Mtu aliyepanda mnazi siku kibali kilipotolewa alikuwa anakula madafu yake siku kesi ilipokwisha.

Huko Kimana, karibu na mbuga ya Amboseli, ilikuwako kesi nyingine ambayo yaweza kukuudhi kidogo, lakini ni lazima uijue. Hapo ni kilimo chenyewe kilichoshtakiwa. Mwaka wa 2020 kampuni ilipata kibali cha kulima parachichi katika ekari 180 na ikazungusha ua. Ardhi haikuibwa; ilikuwa na hati. Lakini mahali penyewe ni njia ya ndovu wanaotoka Amboseli kwenda Kimana, na mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo lile ulikuwa umepaweka kwa mifugo na wanyama wa mwitu. Majirani wengine na watu wa uhifadhi wakalalamika, NEMA ikakifuta kibali mwaka ule ule, na mwaka wa 2021 Jopo likaikataa rufani ya kampuni.

Wakulima wengine wamesema, "Basi kesho watakuja kwangu." Sisi hatuoni hivyo, na sababu yetu ni hii. Ndovu akizibiwa njia yake ya zamani harudi mbugani kulia. Hupita pembeni, na pembeni ndiko kuliko na vishamba vya ekari mbili na tatu visivyokuwa na ua wa umeme. Ua wa mtu mkubwa humsukumia ndovu mtu mdogo. Wakili aliyesimama upande wa njia ya ndovu pale Kimana alikuwa anatetea pia mahindi ya watu ambao hakupata kuwaona. Hata hivyo twakubali kwamba mwenye shamba aliyeambiwa asilime ana uchungu wake, na kama nchi yataka njia ya ndovu ipite katika ardhi ya mtu, yafaa mtu huyo apate kitu. Mahali pengine karibu na Amboseli wenye ardhi hulipwa kodi kila mwaka ili waache njia wazi. Hiyo nayo ni kazi ya wakili: kuandika mkataba ambao mfugaji anauelewa na ambao hautamnyang'anya ardhi kwa mlango wa nyuma.

Haya, sasa turudi kwenye swali lako la kwanza. Wakili wangu ni nani?

Sheria ile ile inayomlinda ndovu ndiyo inayokupa wewe fidia. Ni Sheria ya Wanyama wa Mwitu ya mwaka wa 2013. Sheria hiyo imeandika kwamba mnyama aliyetajwa katika orodha yake akiua mtu, jamaa zake walipwe shilingi milioni 5. Mtu akipata kilema cha daima, milioni 3. Majeraha mengine, mpaka milioni 2 kwa kadiri ya jeraha. Mazao, mifugo na mali nyingine vilivyoharibiwa navyo vina fidia, kwa bei ya soko. Lakini kuna sharti ambalo wengi hawalijui: kama hukufanya bidii ya kutosha kuyalinda mazao yako, au kama kilimo chako hakikubaliani na mpango wa eneo lile, waweza kunyimwa.

Watu wa skimu wanasema fidia yachelewa, na hapo hatuwezi kubisha. Wako waliongoja miaka. Wengine wamezika mzazi na wakazikwa wao kabla ya fedha kufika. Lakini ziko pia kesi nyingi zilizokwama kwa sababu ya karatasi, na karatasi ni jambo unaloweza kulitengeneza mwenyewe. Mawakili wanaosaidia wakulima katika mambo haya hueleza hivi. Ndovu akiingia usiku, usingoje wiki. Siku ile ile peleka habari kwa ofisi ya KWS iliyo karibu, na kama mtu ameumizwa au ameuawa, piga ripoti polisi na uchukue nambari ya OB. Mwombe Bwana Shamba aje aone mazao yangali yamelala chini na nyayo zingali mbichi, maana akija baada ya wewe kulima upya ataona shamba zuri tu, na ataandika alichokiona. Piga picha kwa simu, ukiweka jembe au kofia kando ya unyayo ili ukubwa uonekane. Chukua jina la jirani aliyeshuhudia. Kisha weka nakala ya kila karatasi unayotoa, usitoe ya mwisho.

Madai yako, kwa sheria hiyo, husikilizwa na kamati ya kaunti ya wanyama wa mwitu. Usiporidhika na uamuzi wake una siku 30 za kukata rufani kwa Jopo la Taifa la Mazingira, yaani lile lile lililosikiliza kesi ya Lamu na ya Kimana, na ukishindwa hapo bado ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Basi waona kwamba ndovu na wewe mwapita mlango mmoja.

Na usichukue sheria mkononi. Twasema hivi si kwa kutisha. Kumwekea ndovu sumu katika boga au kutega waya kwaweza kukufikisha mbele ya hakimu kwa kosa ambalo faini yake yaweza kumaliza shamba, ng'ombe na nyumba. Sheria hiyo ya 2013 ilipotungwa iliweka kwa makosa ya wanyama walio hatarini kutoweka faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha. Kabla ya hapo mtu aliyekamatwa na pembe aliweza kulipa faini ndogo na kurudi nyumbani jioni ile ile. Mawakili wa wanyama walifanya kazi kubwa kuketi katika mahakama za wilaya na kuandika kesi hizo zilivyokuwa zikiisha: faili limepotea, shahidi hakuja, pembe hazikuletwa. Ilikuwa kazi ya kuchosha isiyokuwa na sifa.

Mawakili hawa hushindwa pia, usidhani wana uganga. Mbuga ya Nairobi, iliyowekwa mwaka wa 1946 na yenye kilometa za mraba 117 tu, ilipotakiwa kupitishwa reli mpya, walikwenda kwa Jopo mwaka wa 2016 wakapata amri ya kusimamisha kazi. Reli ilijengwa hata hivyo. Leo daraja la kilometa 6 hivi linakatisha mbuga juu ya nguzo, na twiga hupita chini yake. Wako wasemao nguzo zile ni bora kuliko tuta, kwa kuwa wanyama wanapita. Wako wasemao amri iliyotolewa ilipaswa kutiiwa kwanza, ndipo watu wabishane habari za nguzo. Mwandishi wa habari hii yuko upande wa hao wa pili.

Wazazi wengine wametuuliza kama kazi hii yafaa mtoto. Yafaa, kama mtoto ana subira na hapendi sana fedha za haraka. Atasoma sheria katika chuo kikuu miaka minne, kisha ataingia Kenya School of Law, na atakaa miezi sita chini ya wakili mzoefu kabla jina lake halijaandikwa katika orodha ya mawakili. Baada ya hapo rafiki zake watashika kesi za benki na za majumba, naye atakuwa kwenye matope akipima upana wa mto. Mshahara wake mara nyingi hutoka kwa vyama vya uhifadhi, au huchanganya kesi za mipaka zinazolipa na za misitu zisizolipa. Mtoto aliyekulia skimu ana faida moja ambayo mtoto wa mjini hana: anajua mkutano wa chifu ulivyo, anajua nani husema na nani hunyamaza kwa kuogopa, na mzee akisema "tulikubali" anajua kama alikubali kweli.

Kwa mtoto anayetoka kidato cha nne, njia ya sheria imetaka C+ kwa jumla, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Kwa hiyo mtoto anayekusomea gazeti hili jioni, mwache asome mpaka ukurasa wa mwisho kabla hujamtuma kufunga ndama.